Uso Chini ya Kunguru

Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Julai, mwaka 2025, kipindi cha pili cha robo fainali ya kombe la mtaani, Pantaleo alimwona mkewe akikimbia uwanjani kwenye kifua cha mtu mwingine.

Klara alikuwa amefariki Novemba iliyopita. Walimsafirisha mpaka kwao Mbinga, wakamzika kwenye mteremko nyuma ya nyumba ya wazazi wake, na Pantaleo ndiye aliyetangulia kutupa udongo. Sasa alikuwa amesimama nyuma ya kamba kwenye uwanja wa vumbi wa kando ya reli, pale Gerezani, mkononi ana soda iliyokwisha kupata moto, na Klara anakuja mbio upande wake.

Alidhani ni jua. Akafumba macho, akayafumbua, Klara bado yupo, na sasa walikuwa wengi. Kila mchezaji wa timu ya Kunguru wa Gerezani alikuwa naye kifuani. Wino mweusi wa yule kunguru mkubwa, ambaye Pantaleo alimchora na kumchapa kwa mikono yake kwenye jezi za njano, ulikuwa umeanza kuachia kwa jasho. Ungeachia ovyo ovyo asingeshtuka, wino wa kubana matumizi ndivyo ulivyo. Lakini uliachia mahali palepale kwenye kila jezi, na palipoachia pakatoka paji la uso, pakatoka pua, mashavu yaliyojaa, na macho mawili yanayotazama mbele bila kupepesa.

Wa pili kuona alikuwa Beno, mtoto wao wa pekee, aliyekwisha kuwa mwanamume mwenye ndevu zake. Beno ndiye aliyekuwa golikipa wa Kunguru. Yeye jezi mpya hakuvaa. Alivaa sweta lake la mtumba la mikono mirefu, maana tangu aanze kudaka hajawahi kukubali kudaka na nguo nyingine. Kombora, timu pinzani, wakapata kona. Khalfani, mshambuliaji wa Kunguru ambaye mafundi wa Gerezani walikuwa wanafunga vibanda ili waje kumwangalia, alirudi nyuma kusaidia kukaba, akasimama uso kwa uso na Beno. Beno akashusha mikono. Mpira ukapita juu yake, ukagonga mwamba, ukatoka nje, wala hakuugeukia.

"Mama," alisema, tena si kwa sauti. Waliokuwa nyuma ya goli walimsikia.

Khalfani akayafuata macho ya Beno mpaka kifuani kwake mwenyewe. Akaivuta jezi kwa vidole viwili, akainama kuitazama. Akaanguka chali, bila hata kutanguliza mkono.

Walimpakia kwenye bajaji wakamkimbiza hospitali. Refa akapuliza filimbi, mchezo uendelee, kwa sababu wakubwa walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya plastiki chini ya turubai na wakubwa wanataka mshindi. Lakini haukuwa mpira tena. Mabeki wa Kombora, waliokuwa wanacheza kwa viwiko tangu mwanzo, sasa walirudi nyuma kila jezi ya njano ilipowasogelea. Winga wa Kunguru alitembea na mpira mpaka ndani ya goli. Alitembea kweli, na kipa wa Kombora alikuwa amegeukia nyavu, hataki kuona. Bao moja, lililotosha kuwavusha nusu fainali. Hakuna aliyeshangilia.

Ndipo Hajira, muuza vipuri ambaye ndiye kiongozi wa nyimbo za mashabiki, akaitazama fulana yake mwenyewe, yenye kunguru yuleyule. Ilikuwa imelowa jasho kwa kucheza.

"Huyu si Mama Beno?" aliuliza waliokuwa karibu naye. "Yule wa chapati pale relini. Si tulimchangia msiba, jamani?"

Watu wakaanza kutazamana vifua. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kumtafuta mchapaji.

Kila mtu wa Bongo anaujua mpira wetu na hofu yake ya uchawi. Golikipa akikuta kitambaa kimefungwa kwenye nyavu zake, mechi inasimama. Timu ikiambiwa ipitie mlango wa mbele, inaruka ukuta. Kwa watu wa namna hiyo, kuvalishwa sura ya marehemu kifuani, wakaona na mwenzao kaanguka, halikuwa jambo la kuuliza mara mbili. Pantaleo aliliona linakuja kwenye nyuso zao. Alitaka kupita chini ya kamba amfuate Beno, lakini mkono ukamkamata kwapani. Alikuwa Nurdin, mtu wa Lindi, mwenzake wa kazi.

"Mzee Panta, tembea," Nurdin alisema, mdomo haufunguki. "Usikimbie. Ukikimbia tu, wataita mwizi, na ukishaitwa mwizi mjini hapa hakuna wa kukuuliza jina."

"Na Beno?"

"Beno ni golikipa wao. Hawamgusi. Mchapaji ni wewe."

Wakatembea. Wakapita nyuma ya magereji, wakakatiza njia ya mabasi ya mwendokasi, na muda wote Pantaleo alikuwa anausikia mgongo wake kama si wake. Nurdin alikosea. Jioni ile Beno hakurudi nyumbani; habari zikaja kwamba watu wa timu wamemshika bandani kwao.

*

Jambo lenyewe, kwa anayeijua kazi, halina maajabu. Unachukua fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba, unaipaka dawa, unalaza picha juu yake, unaianika juani. Palipopigwa na jua dawa inakaza, palipofichwa na picha inatoka kwa maji, na hapo ndipo wino unapopita ukiukokota kwa raba. Kazi ikiisha unaisugua fremu kwa jiki na maji mengi, unaipaka dawa upya kwa kazi nyingine. Usipoisugua sawasawa, picha ya zamani inaacha alama. Wachapaji wa Kariakoo wanaiita kivuli. Wino ukiwa mpya hukioni. Wino ukichoka, kinatoka.

Na fremu ile ya kunguru ndiyo aliyokuwa amechapia fulana za msiba wa Klara.

Fulana za msiba zilikuwa ndiyo riziki yao, zikifuatiwa na za timu. Za Klara alizichapa mwenyewe, kwa picha aliyopigwa Klara kwenye kipaimara cha Beno, na maneno ya kumtakia pumziko chini yake. Siku ile ya Novemba alikuwa amekaa na Klara kwenye benchi la hospitali kuanzia asubuhi mpaka jioni. Waliambiwa daktari anakuja, wakaambiwa daktari yuko kwenye kikao, wakaambiwa warudi dirishani kwa sababu karatasi ina muhuri usio wake. Akafia palepale, kichwa begani kwa mumewe. Mpaka leo hakuna aliyemwambia alikufa kwa ugonjwa gani. Pantaleo shule yake iliishia darasa la nne, lakini hilo la kwamba mkubwa akiwa kwenye kikao mdogo anakufa hakuhitaji kufundishwa ubaoni.

Kwa hiyo alijua pa kuweka lawama. Wiki aliyopewa kazi ya Kunguru, maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima, na wanaoyakata wana matangi marefu kuliko nyumba zao. Alisugua fremu kwa ndoo moja ya kuazima. Alipofika kwenye macho ya Klara aliiweka brashi chini, akaenda kukaa nje. Alirudi akapaka dawa. Kosa ni la maji, ndivyo alivyomwambia Nurdin. Na la yule aliyemharakisha.

Aliyemharakisha ni Tarsis. Tarsis, mtu wa Rombo, ana duka la jumla la jezi na kofia katikati ya Kariakoo. Ndiye mwenyekiti wa timu, na ndiye mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wino aliuleta yeye, tayari umeshazimuliwa. Na nembo alitaka ichorwe kama zile za kwenye kofia za kizungu anazouza: kunguru mwenye kifua cha mnyanyua vyuma, anakunja ngumi, amekasirika.

"Kunguru hana ngumi, Mwenyekiti," Pantaleo alimwambia.

"Mpe basi. Wewe si ndiye mchoraji?"

Lakini nembo ya timu, ukitaka ifanye kazi, mtu aliye goli la pili, upande wa mbali wa uwanja, lazima aijue bila kukunja uso. Ukiijaza misuli na manyoya inakuwa doa. Pantaleo alimchora kunguru kama alivyowaona kila siku juu ya mabati ya Gerezani: mabawa wazi, kichwa kimegeuka pembeni, mdomo umefunguka kutukana. Jicho hakulichora, aliacha mwanya, njano ya jezi ndiyo iwe jicho. Na mwili wote akaufanya bonge moja la weusi lisilo na mstari ndani yake. Watoto walimchora ukutani kwa mkaa siku hiyohiyo walipomwona, na hapo akajua kazi imeshika.

Ni ndani ya bonge lile jeusi ndimo Klara alimokuwa amepata nafasi ya kukaa.

*

Jumapili asubuhi alikwenda misa ya kwanza na Hyasinta, mdogo wake Klara, kwa kuwa Hyasinta alikataa aende peke yake. Mahubiri hayakumwingia, na njia nzima ya kurudi hakumkumbuka padri hata neno. Alikuwa anahesabu vichochoro ambamo mtu anaweza kutokea. Walipofika kwenye chumba cha kazi walikuta mlango hauonekani.

Fulana zilikuwa zimerundikwa mpaka usawa wa kitasa. Fulana, kofia, vibendera, hata kitambaa cha kichwani ambacho mtu alijishonea. Kila aliyenunua alikuwa amerudisha, na hakuna aliyethubutu kuchoma. Ukiichoma umemchoma maiti, ukiitupa jalalani umemtupa maiti; bora mwenye maiti wake arudishiwe. Watu waliokuwa wanapita waliuacha upande ule wa njia, wakatembea kwenye jua. Muuza maji ya kwenye ndoo, aliyekuwa anamsalimia kila siku, aliisukuma toroli yake mbele haraka kana kwamba hakumwona.

Na juu ya lundo lile, kwenye kila kitambaa, Klara anatazama. Wengine nusu, wengine mzima. Mmoja alikuwa amebakiwa na jicho moja tu, na hilo ndilo lililomfanya Pantaleo ashike ukuta.

Hyasinta akafunga kanga yake vizuri, akaketi chini, akaanza kuzikunja. Alikunja ya kwanza nusu, akasita.

"Shemeji," aliuliza, "tunazikunja uso ndani au uso nje?"

Uso wa Hyasinta mwenyewe, akiinama hivyo, ulikuwa wa dada yake mtupu.

"Ndani," Pantaleo alisema.

Kisha akaenda kituo kidogo cha polisi kusema kwamba mwanawe ameshikwa na watu wa timu. Kijana wa zamu alimsikiliza huku anakula muhogo. Akamwambia, kwa upole, mambo ya mpira yanamalizwa mtaani, aanze kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Pantaleo akamuuliza kama anamjua mwenyekiti huyo ni nani. Anamjua, kijana akasema, mtu safi sana, hata rangi ya kituo hiki katoa yeye.

Basi akarudi, akaichukua ile fremu, akamwita Nurdin. Aliona imebaki njia moja: kwenda kuwaeleza. Wakiiona fremu kwa macho yao wataelewa ni uchafu tu wa kazi, na Beno atatoka.

*

Banda la timu liko nyuma ya gereji ya malori. Siku hiyo lilikuwa limejaa mpaka nje, na walipomwona waliacha njia, lakini nyembamba, mtu apite akigusana nao. "Mchapa maiti kaja," mmoja akasema, na mwingine akamjibu, "Mpishe, asije akakuchapa na wewe." Wachache wakacheka. Kicheko chao kilimtisha kuliko kimya.

Beno alikuwa ameketi kwenye benchi ukutani, bado na sweta lake, magoti yana vumbi la jana. Mbele yake kulikuwa na sahani ya wali ambayo hakuigusa. Hawakumfunga kamba. Walikuwa wameketi naye tu kumlinda, mmoja kila upande.

"Shikamoo, baba," Beno alisema.

"Marahaba."

Akaanza kueleza. Alieleza dawa, jua, jiki, maji yaliyokatika. Alieleza polepole, kama mtu anayempa mgeni njia, na kwa muda walimsikiliza. Halafu, ili waone, akainyanyua fremu juu, akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni.

Pale kwenye kitambaa, ndani ya kunguru, Klara akaonekana. Hafifu, rangi ya chai, lakini yeye kabisa. Watu wakarudi nyuma wote kwa pamoja, na benchi likaanguka.

"Mnaona?" Pantaleo alisema. "Ni kivuli tu. Alikuwemo tangu zamani, kabla ya kazi yenu."

Alilisikia kosa lake kabla halijamaliza kutoka mdomoni. Ni Hajira aliyeliokota. Hakuwa amepandisha sauti. Macho yake yalikuwa mekundu, maana Khalfani alikuwa mtoto wa dada yake.

"Kwa hiyo ulijua yumo," alisema. "Ulijua yumo, ukatuvalisha. Baba Beno, sisi tumekukosea nini?"

"Sikujua kwamba atatoka."

"Ulijua yumo. Na mwanao mbona hukumvalisha?"

Hapo ndipo Pantaleo alipoelewa ni kwa nini walikuwa wamemshika Beno. Uwanja mzima, mtu mmoja tu wa Kunguru ndiye ambaye hakuvaa. Sweta la mtumba, ambalo kila mtu alikuwa akimtania nalo, lilikuwa limegeuka ushahidi. Alimtazama mwanawe, na Beno alikuwa amekwisha kulijua hilo tangu jana. Alikuwa amekaa nalo siku nzima.

"Avae na yeye," sauti ikatoka nyuma. "Avae tuone."

Mtu akamshika Beno ukosi. Mwingine akaitoa jezi moja kwenye mfuko wa nailoni, akiishika kwa ncha za vidole. Nurdin akasema neno, akasukumwa, fremu ikamponyoka Pantaleo ikagonga sakafu. Alijaribu kwenda mbele, asiweze, kifua cha mtu mwenye harufu ya grisi kilikuwa kimemzuia, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba alijikuta anamwita Klara amsaidie. Papo hapo akaliogopa jina lile.

"Jamani, jamani," mtu alisema kutoka chumba cha ndani. "Huyu mzee ni mgeni wangu."

Wakawaachia, yeye na Beno. Ilikuwa ni Tarsis, shati jeupe, simu mbili mkononi. Akamkaribisha Pantaleo ndani kama mtu anayemkaribisha harusini, akafunga mlango.

*

Tarsis alimpa kiti. Akampa pole ya usumbufu. Akamwambia yeye mwenyewe hana imani za kishirikina, ni mtu wa kanisa, lakini anaheshimu watu wake. Kisha akaigeuza simu moja amwonyeshe. Kuna mtu alikuwa amerekodi lile goli la kutembea, na video imekwenda mji mzima. Watu wa Kigamboni wanavuka kivuko cha Magogoni kuja dukani kuulizia fulana ya Mama. Timu watakayokutana nayo nusu fainali imeleta ujumbe kuomba jezi zile zipigwe marufuku.

"Umeelewa hilo, mzee wangu? Wanaomba. Kabla hawajagusa mpira."

Pantaleo hakuelewa, au alielewa akakataa.

"Nataka nembo mpya," Tarsis akaendelea. "Kunguru wako abaki, mzuri sana, nakusifu. Ila Mama asiwe wa kujitokeza kwa jasho. Awepo. Umchore vizuri ndani ya kunguru, aonekane kutoka goli la pili, kama unavyopenda wewe. Fulana, kofia, bendera, vikombe, vyote. Wino safari hii naleta mzuri."

"Huyo ni mke wangu, Mwenyekiti."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba wewe, sikumpa kazi mtu mwingine."

"Na Khalfani?"

Tarsis akasema wanamwombea. Madaktari wanasema ni joto, kijana hakunywa maji. Amefumbua macho lakini hasemi, atasema tu.

"Na Beno?"

"Beno atakuwa salama akiwa golini na jezi ya mama yake kifuani. Watu wanataka hilo, umewasikia. Akivaa, maneno yote yanakwisha: mama alikuwa anatulinda, na mwanawe kathibitisha. Asipovaa..." Alitazama mlangoni, ambako kelele zilikuwa zinapanda tena. "Mzee wangu, mimi ndiye niliyewashika hao tangu jana. Na mimi ni binadamu, huwa nachoka."

Alilisema kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomkata Pantaleo maini. Maisha yake yote amewaona wa namna hiyo: nyumba yako ikiungua wanakuja na ndoo, lakini wanauza maji. Aliyafikiri hayo yote akiwa amekaa kwenye kiti cha mtu, kofia magotini, na kinywa chake kikasema atachora. Beno akabaki bandani.

*

Alichora Jumatatu mchana, mlango wazi, maana hakuweza tena kukaa na lundo lile lililokunjwa bila kusikia watu wanapita. Nurdin alijitolea kuchora badala yake. Akamkatalia. Kama ni lazima mkono wa mtu umguse Klara, uwe wake.

Alitegemea mkono ungemgomea. Haukugoma, na hilo lilimwogopesha kupita kiasi. Miaka yote alikuwa mtu wa kufuta na kurudia, lakini siku ile mstari ulitoka mmoja kwa mmoja: shavu likaishia kwenye bawa, nywele zikawa shingo ya kunguru, mwanya aliouacha wa jicho la ndege ukakaa sawasawa kwenye hereni ya Klara. Ilikuwa kazi nzuri kuliko yoyote aliyowahi kufanya. Alipomaliza aliiinua mbali na uso ili aipime, kama kawaida yake, na akaona kwamba mdomo hakuuchora kama kwenye picha ya kipaimara. Kwenye picha Klara anatabasamu. Huyu alikuwa amefumba midomo, kama alivyofumba kwenye benchi la hospitali alipokwisha kuacha kuuliza daktari atakuja saa ngapi.

Alijaribu kumchora tabasamu. Likaonekana la mtu mwingine. Akaacha.

Wakachapa kutwa, siku baada ya siku. Hyasinta alikuja kuanika, lakini alianika zikiwa zimegeuzwa, akamwomba shemeji yake asimuulize sababu. Katikati ya wiki duka la Tarsis lilizitundika kuanzia mlangoni mpaka ghorofani, na Pantaleo alipopita mtaa ule kupeleka kofia alikuta Klara amejaa njia nzima. Yuko kwa wapagazi, yuko kwa wauza soksi, yuko kwa kijana anayepiga kelele za bei kwenye spika. Walewale waliokuwa wanahama upande wa njia sasa walimpungia mkono. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso wa utani. Walimvaa kama watu wanavyovaa hirizi, na mtu anayevaa hirizi huwa anaogopa kitu, na siku hirizi ikishindwa humrudia aliyeitengeneza. Hilo Pantaleo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Khalfani alikuwa bado hasemi. Pantaleo alijikaza akaenda hospitali ile, akapita mbele ya benchi lile. Alimkuta amelala, macho yameelekea darini. Alipoingia, macho yale yalishuka yakamtazama, kisha yakashuka tena, yakatua kifuani pa Pantaleo, yakabaki hapo. Pantaleo alikuwa amevaa shati la kawaida, jeupe, lisilo na kitu. Khalfani akaanza kutetemeka midomo. Nesi akamwomba mgeni atoke.

*

Jumamosi ya nusu fainali walimruhusu kuonana na Beno ndani ya banda, kabla timu haijatoka. Kwa nje Hajira alikuwa anaongoza wimbo mpya, wenye jina la Klara ndani yake, na ngoma zilikuwa zinatikisa mabati. Mlangoni walikuwa wamesimama walewale wawili wa benchi la Jumapili, mikono nyuma.

Beno alikuwa amevua sweta. Alikuwa kifua wazi, jezi mpya ipo magotini imekunjwa uso ndani, mkunjo wa mama yake mdogo, Hyasinta. Alikuwa amekonda kwa wiki hiyo moja.

Pantaleo akamwinamia. Akamwambia kwa haraka, kwa Kimatengo, lugha ya nyumbani, wale wasielewe, aseme mkono umeteguka. Aseme tumbo. Aanguke pale mlangoni, Nurdin yuko nyuma ya gereji na bajaji.

"Nikiondoka leo, baba, wewe utatokea mlango gani?" Beno alimjibu kwa Kiswahili, bila kujificha.

Hakukuwa na mlango. Wote wawili waliujua mji.

Beno akaikunjua jezi. Akaipitisha kichwani, mkono mmoja, mkono wa pili, akaivuta chini mpaka Klara akakaa sawa. Ilimkaa vizuri mno. Kwa nje wimbo ukapanda, na mtu akagonga mlango kwa ngumi kwamba muda umefika. Pantaleo akamshika mwanawe mabega, na kwa kuwa hakuwa na neno lake mwenyewe, akamkopesha la Tarsis, lilelile lililokuwa linaimbwa kwenye spika za Kariakoo wiki nzima.

"Usiogope. Ni mama yako. Anawalinda."

Beno akainua uso. Nyuso zilikuwa mbili sasa, wa juu na wa chini, zinafanana, zote zinamtazama yeye.

"Kama anatulinda, baba," Beno aliuliza, "Khalfani alimkosea nini?"